Okestra inapiga bure mitaani afu inaomba tuichangie msimu ujao, hizo hela zinaenda wapi hasa?

Msikilizaji Mpya

Habari zenu wakuu. Naomba wenye uelewa wa mambo ya okestra za simfoni wanifungue macho maana nimeuliza watu wa karibu kila mtu ananijibu kivyake.

Iko hivi, okestra ya huku ninakoishi imekuwa ikizunguka mitaani inapiga konsati za bure, leo bustanini, siku nyingine ukumbi wa shule, mara kanisani, na sisi kama familia tumekuwa tukienda na kiukweli tumenogewa. Konsati ya juzi binti yangu alisogea kwa wapigaji wa selo kabla hawajaanza, mama mmoja akamruhusu aweke kiganja kwenye ubavu wa selo huku yeye anavuta upinde taratibu kwenye ule uzi mnene kabisa, mtoto katoa macho, ananiambia mama inatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Sasa nyumbani ndio habari ya kila siku.

Baada ya hapo akasimama mtu wa uongozi akatangaza msimu mpya, kuna konsati za ukumbini, kuna za watoto, kuna mpiga piano mgeni, kuna simfoni ya Beethoven, na za bure mitaani zinaendelea. Akawashukuru wafadhili ambao majina yao yamejaza ukurasa mzima wa kijitabu cha programu, afu akasema tiketi peke yake hazifiki hata nusu ya gharama za mwaka, kwa hiyo anatuomba na sisi watu wa kawaida tuwe wachangiaji wa kila mwezi, hata kidogo. Hapo ndipo nilipokwama. Ule ukumbi wao nimeshaupita siku ya konsati umejaa pomoni, na tiketi zake sio za bei ya chini, sasa inakuwaje ukumbi umejaa na hela haitoshi? Na kama haitoshi kwanini wapige bure? Na kama wenye nacho wameshatoa, hiki kidogo changu si kitapotelea humo humo tu? Sina nia mbaya jamani, kuchangia nataka, ila nataka nijue nachangia nini. La mwisho, watoto wangu wako shule ya msingi, niwaanzishie konsati ipi kwenye huo msimu, maana majina ya kwenye programu ni magumu sijui hata pa kushika.

Natanguliza shukrani.

Viola Mstari wa Nyuma

Dada karibu sana. Mimi napiga viola, ile inayofanana na violini ila kubwa kidogo, kwenye okestra, sio hiyo yako, ila mambo haya yanafanana karibu kila mahali kwa hiyo nikueleze nionavyo kutokea kwenye kiti.

Anza na hesabu ya watu. Okestra kamili ya simfoni ni watu kama 70 mpaka 100 jukwaani, na zile saa mbili unazoziona wewe ni mwisho wa safari. Programu moja ya ukumbini kwa kawaida ina mazoezi ya pamoja kama manne hivi, kila zoezi linakaribia saa mbili na nusu, na kabla hujafika kwenye zoezi la kwanza umeshajifungia na nota zako peke yako maana zoezi la pamoja sio la kujifunzia sehemu yako, ni la kusikilizana, nani anamfuata nani, klarineti anapumua wapi, sisi wa viola tushuke kiasi gani ili obo asikike. Sasa zidisha hayo masaa kwa watu themanini ndio utaona mshahara unakotoka. Jumlisha mwongozaji, mgeni wa piano na kuitune hiyo piano, kodi ya ukumbi, mafundi wa jukwaa, gari la kubebea timpani (zile ngoma kubwa) na kinubi na mabesi makubwa ambayo hayaingii kwenye gari dogo, bima ya vyombo, watu wa ofisi. Ukumbi ukijaa umejaa, viti vina mwisho, huwezi kuuza kiti kimoja mara mbili usiku huo huo, na ukipandisha tiketi mpaka ifidie kila kitu watabaki kuja wachache sana.

Na kuna jambo ambalo wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilichambua vizuri miaka ya 1960 na mpaka leo linajadiliwa. Simfoni ya 5 ya Beethoven ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Inachukua nusu saa na ushee. Leo hii ukiipiga ni nusu saa na ushee ile ile, na bado unahitaji wale wale wenye filimbi, obo, klarineti, basuni, pembe, tarumbeta, tromboni tatu, timpani na kundi zima la nyuzi. Kiwandani kazi iliyofanywa na watu kumi zamani leo mashine moja inaifanya, kwa hiyo mishahara inapanda na bidhaa bado inakuwa rahisi. Sisi mishahara inabidi ipande kama ya wengine maana na sisi tunalipa kodi za nyumba, lakini huwezi kumwambia Beethoven tutapiga na nusu ya watu kwa spidi mara mbili ili tupunguze gharama. Lile pengo halitokani na uzembe wa mtu, limo ndani ya kazi yenyewe, na kila mwaka linataka kupanuka. Ndio maana nikisikia mtu anasema okestra ijitegemee kwa tiketi kama biashara nyingine huwa natamani akae nasi wiki moja ya mazoezi.

Halafu nota. Watu hawajui kabisa hili. Kazi za Beethoven hazina hakimiliki tena, okestra inanunua seti mara moja inaiweka maktaba miaka na miaka, seti zetu nyingine zina alama za penseli za watu walioshastaafu. Lakini kazi za watunzi walio hai, au waliofariki sio zamani, mara nyingi haziuzwi, unakodi seti kwa mchapishaji, unalipia kila konsati, ukimaliza unafuta penseli zako unazirudisha. Kwa hiyo ukiona kwenye msimu wenu kuna kazi mpya ya mtunzi aliye hai, ujue kuna mtu kakubali kulipa gharama ya ziada ili nyinyi muisikie.

Kuhusu za bure sasa. Naomba usidhani ni za bei rahisi kwetu, za nje wakati mwingine zinasumbua kuliko za ukumbini. Nje sauti haina ukuta wa kugonga, inapaa tu, kwa hiyo lazima maikrofoni, spika, fundi sauti, jenereta au umeme wa uhakika, na paa la kutukinga. Violini imeunganishwa kwa gundi ambayo joto na unyevu vinailegeza, jua kali likipiga mbao dakika chache tu unaweza ukasikia mshono umeachia, na mvua ndio usiseme, tone la kwanza likidondoka wenye nyuzi wote tunakumbatia vyombo. Wengi wetu tuna chombo cha pili cha siku za nje, kile kizuri kinabaki nyumbani. Na upepo! Ukija tena bustanini angalia stendi zetu, utaona vibanio vya nguo, vile vile vya kuanikia, kila ukurasa umebanwa pande mbili, na kugeuza ukurasa unatoa kibanio, unageuza, unabana tena, huku mwenzako wa stendi anaendelea kupiga ili mstari usikatike. Tunafanya hayo kwa sababu bustanini mtoto anaweza kulia, akainuka, akaja kushika selo, na hakuna atakayemgeukia. Ukumbini hiyo nafasi haipo. Mimi binafsi zile ndio konsati ninazozisubiri.

Daftari na Kalamu

Viola kamaliza upande wa jukwaa, mimi nitie neno upande wa hela maana nimewahi kukaa kwenye kamati ya fedha ya kikundi cha muziki, kidogo kuliko okestra ila kanuni ni zile zile.

Dada swali lako la "kidogo changu kitapotelea humo" ndilo la msingi kuliko yote na jibu lake linashangaza wengi. Hela za wafadhili sio za aina moja. Mfadhili mkubwa mara nyingi anatoa hela yenye kamba, yaani hii ni ya konsati za watoto tu, hii ni ya kumleta yule mpiga piano, hii ni ya kiti cha mpiga filimbi wa kwanza na jina langu liandikwe pale. Nyingine zinaingia kwenye mfuko wa kudumu, ambapo mtaji wenyewe hauguswi, unawekezwa, na okestra inachota sehemu ndogo tu ya thamani yake kila mwaka. Ni hela nzuri na za lazima, Mungu awabariki wanaotoa, ila huwezi kuchukua hela ya kiti cha filimbi ukalipia umeme wala gari la timpani. Ukifanya hivyo umevunja makubaliano na mwakani hupati.

Hela ya mchangiaji wa mwezi kwa kawaida haina kamba. Inaingia pale kwenye tundu lolote linalovuja, na mhasibu anajua tarehe fulani itaingia. Hiyo ya kujua mapema ndio utamu wenyewe. Msimu unaotangaziwa wewe leo umepangwa zamani, wageni wakubwa wanawekwa kwenye kalenda miaka miwili au hata zaidi kabla, ukumbi unashikwa mapema, mikataba inasainiwa kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Yaani okestra inaahidi kulipa hela ambayo bado haijaingia. Sasa mtu mmoja anayeahidi kikubwa akipata matatizo ya biashara zake, msimu mzima unatikisika, lakini watu mia tano wanaotoa kidogo kidogo hawawezi kuacha wote siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa ni kweli kabisa kwenye vitabu vya hesabu. Na kuna faida ya pembeni, mfadhili mkubwa au serikali kabla ya kutoa huwa anauliza, je watu wenu wenyewe wanawaunga mkono? Idadi ya wachangiaji wadogo ndio jibu, hata kama jumla yao sio kubwa.

Na hii ya kufadhiliwa haikuanza jana. Mtunzi Haydn alikaa karibu miaka 30 kwenye ajira ya ukoo tajiri wa Esterházy, hela ya mtu mmoja ndiyo iliyolisha okestra nzima. Beethoven naye, Jumuiya ya Filharmonia ya London, iliyoanzishwa na wanamuziki wenyewe mwaka 1813, ilimwagiza simfoni mwaka 1822 kwa pauni 50, ikaja kuwa ile ya 9, japo ilipigwa kwanza Vienna 1824. Okestra ya Simfoni ya Boston nayo ilianzishwa mwaka 1881 na Henry Lee Higginson, na kwa miaka mingi pengo la mwisho wa msimu alilifidia mfukoni mwake mwenyewe kwa sababu alitaka tiketi zibaki za bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Yaani tangu enzi hizo kila aliyekaa akapiga hesabu za okestra amekutana na pengo lile lile.

Sauti ya Tatu

Nawaheshimu mliotangulia ila na mimi niseme upande wangu. Dada ana haki ya kuuliza hela inaenda wapi na asionekane mchoyo. Kuna sehemu za dunia kama Ujerumani ambako sehemu kubwa ya bajeti ya okestra inatoka serikalini, na kuna Marekani ambako wanategemea sana wafadhili binafsi. Kila njia ina hatari yake. Ya serikali, uchaguzi ukibadilika na bajeti inabadilika. Ya wafadhili, uchumi ukiyumba okestra inayumba nao. Okestra ya Philadelphia, moja ya zinazoheshimika sana duniani, Aprili 2011 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni, ikatoka huko mwaka uliofuata. Sio ndogo ile! Na mtunzi Tchaikovsky, mnajua kwamba mjane tajiri Nadezhda von Meck alimlipa rubo 6,000 kwa mwaka kuanzia 1877 ili atunge kwa nafasi, afu 1890 ikakatika ghafla. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na okestra ikiegemea mfuko mmoja ndio hivyo hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu, changia, lakini kwanza omba ripoti ya mwaka iliyokaguliwa. Okestra iliyosajiliwa kama taasisi isiyo ya faida kwa kawaida inatakiwa iwe nayo, nyingi zinaiweka wazi kabisa. Angalia vitu viwili, kiasi gani kinaenda kwa wapigaji na konsati, na kiasi gani kinaenda kwenye uongozi na kuchangisha hela zenyewe. Afu angalia kama hizo konsati za bure zina mstari wake kwenye bajeti au ni maneno ya jukwaani tu. Wakikuonyesha bila kuzungusha, weka hela yako kwa amani. Wakianza kukuzungusha, subiri.

Na jingine, mfadhili asiwe ndiye anayechagua nyimbo. Anaweza kusema nalipia konsati za watoto, sawa, lakini asiseme pigeni hiki msipige kile. Hilo nalishikilia sana, kazi ya kuchagua programu ni ya mwongozaji na wanamuziki, wao ndio wamesomea na wao ndio watakaokaa pale mbele za watu.

Daftari na Kalamu

Sauti ya Tatu nakuunga mkono kwenye ripoti, asilimia mia. Ila kwenye gharama za uongozi tuwe makini kidogo, okestra isiyo na mtu wa ofisi inakuwa na wapigaji wanaojaza fomu usiku badala ya kufanya mazoezi. Namba ndogo sana pale nayo ni ya kuulizia.

Mwalimu wa Chorus

Mimi nijibu la watoto maana hapo ndipo nilipo kila siku, nafundisha muziki watoto wa umri huo huo.

Dada kwenye programu ya msimu tafuta konsati iliyoandikwa ya familia au ya watoto, na uangalie kama kuna mojawapo ya hizi. Peter and the Wolf ya Prokofiev, ya mwaka 1936, ndiyo nzuri kuliko zote kuanzia, kila mnyama ana chombo chake, ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni, mbwa mwitu ni pembe tatu kwa pamoja, na Peter mwenyewe ni nyuzi. Msimulizi anasimulia huku wanapiga, haifiki hata dakika thelathini, mtoto akitoka pale anazijua sauti bila kufundishwa. Nyingine ni ile ya Saint-Saëns ya wanyama, Carnival of the Animals, ya 1886, vipande vifupi vifupi, kuna kobe kuna tembo, na tembo anapigwa na besi kubwa kwa hiyo watoto wanapata kuliona lile libesi limesimama peke yake. Ya tatu ni ya Britten ya miaka ya 1940, The Young Person's Guide to the Orchestra, hiyo inapitisha kila kundi la vyombo moja baada ya jingine afu mwishoni wote wanakimbizana.

Usiwaanzishie na Simfoni ya 9 ya Beethoven hata kama ndiyo imewekwa kwenye bango kubwa. Inazidi saa moja na kwaya inaingia sehemu ya mwisho tu, mtoto wa miaka saba atakuwa ameshalala muda mrefu kabla ya kwaya kufungua mdomo. Ya 5 hiyo wanaiweza, ile midundo minne ya mwanzo wanaishika papo hapo wanaondoka wanaiimba.

Kingine usinunue viti vya mbele katikati ukadhani ndio bora kwa watoto, pale chini wanaona migongo ya violini na viatu vya mwongozaji. Kaa juu pembeni, roshani kama ipo, wataona mikono ya timpani, wataona tromboni zinavyonyooka. Na ulizia mazoezi ya wazi, okestra nyingi zinafungua zoezi la mwisho kwa watu kwa bei ndogo au bure, watoto wanapenda kuliko konsati yenyewe maana wanaona mwongozaji anasimamisha watu wazima anawaambia rudieni, hapo hapo, tena. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza "kumbe na wao wanarudishwa?" na baada ya hapo kurudia darasani hakukuwa tena adhabu kwake.

Na msiogope makofi. Siku hizi desturi ni kungoja sehemu zote ziishe, ila enzi za Mozart na Beethoven watu walipiga makofi katikati, na wakati mwingine sehemu ikirudiwa kwa kushangiliwa. Mtoto akipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza hajafanya kosa lolote, usimzibe mikono.

Nimefurahi sana na huyo mama wa selo. Okestra ambayo wapigaji wake wanakubali mtoto ashike chombo, hiyo ina watu.

Mpenda Nyuzi

Niongezee tu. Anayetilia shaka kama vidogo vidogo vinajenga okestra aitazame ile ya Kinshasa, Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa la Kimbanguiste huko Kongo, alikuwa rubani, kazi ikaisha, mwaka 1994 akaanzisha okestra na watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika violini. Vyombo vilikuwa vichache, mmoja anapiga anamaliza anampa mwenzake, uzi ukikatika wanatumia waya wa breki ya baiskeli. Nota walikuwa wananakili kwa mkono. Hawakuwa na mfadhili wa kuandikwa jina kwenye kijitabu, walikuwa na waumini na majirani na nafsi zao. Leo wanapiga Beethoven na kwaya kamili. Mimi nikiwasikia napata nguvu ya kuamini kwamba okestra kwanza ni watu walioamua kukutana mara kwa mara, hela inafuata kuwawezesha wasiache.

Na kama kuna anayedhani konsati za mitaani ni ziada tu, Okestra ya Simfoni ya Detroit ilikuwa na mgomo mrefu, Oktoba 2010 mpaka Aprili 2011, msimu mzima ukavurugika. Walivyorudi hawakujifungia ukumbini, walianza kupeleka konsati kwenye vitongoji vinavyouzunguka mji na kurusha konsati mubashara bure mtandaoni. Kwenda kwa watu ndiyo ilikuwa njia yao ya kusimama tena, na wafadhili wakaingia kulipia hiyo hiyo ya vitongoji. Filharmonia ya New York nayo tangu 1965 imekuwa ikipiga bure kwenye bustani za mji majira ya joto, ni sehemu ya kazi yake.

Msikilizaji Mpya

Jamani asanteni, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Viola hapo kwenye vibanio umenikumbusha, niliviona kweli nikadhani ni urembo wa aina fulani! Na Daftari, ile ya hela yenye kamba na isiyo na kamba imenieleza kitu ambacho yule mtu wa uongozi angekisema pale jukwaani watu wengi wangetoa siku hiyo hiyo, kwanini hawasemi?

Ripoti nimeiomba, wamenitumia bila shida, na konsati za mitaani zina mstari wake kabisa. Peter na mbwa mwitu ipo kwenye msimu, tumechukua roshani. Nimebakiwa na mawili. Kuna violini ya zamani nimeachiwa na marehemu mjomba, haina nyuzi, imekaa tu kabatini, naweza kuwapa kama mchango? Na hii tiketi ya msimu mzima ambayo wanaisifia, tofauti yake na kuchangia ni nini, maana uwezo wa vyote viwili sina.

Viola Mstari wa Nyuma

Violini usiipeleke kimya kimya mlangoni, wapigie kwanza waulize kama wana mpango wa kufundisha watoto, wenye mpango huo wanazihitaji kweli. Ila mpelekee fundi wa vyombo vya nyuzi aiangalie kwanza, aone kama ile nguzo ndogo ya ndani bado imesimama, kama shingo haijaachia na kama tumbo halina ufa. Usijaribu kuifunga nyuzi mwenyewe, ile nguzo ikiwa imeanguka na ukakaza nyuzi, mbao ya juu inaweza kupasuka. Na chombo kibovu usiogope kukitaja kuwa kibovu, wengine wana fungu la matengenezo. Usiitupe kabisa.

Daftari na Kalamu

Kwanini hawasemi sijui dada, wangesema. Labda wanaogopa kuwaudhi wenye majina kwenye kijitabu.

Tiketi ya msimu ni kununua konsati kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwa punguzo, okestra inapata hela mapema na wewe unapata kiti chako kile kile. Ni msaada mzuri ila ni manunuzi, unapata kitu. Mchango ni wa bila kupata kiti, na kwenye nchi nyingine unapunguziwa kodi ukiwa na risiti, ulizia sheria ya huko uliko. Kwa hali yako mimi ningechukua tiketi za hizo chache ambazo watoto watazifurahia, na kinachobaki weka kila mwezi bila kamba, hata kiwe kidogo kiasi gani, cha muhimu kisikatike katikati ya msimu. Bora kidogo unachokimudu mwaka mzima kuliko kikubwa cha miezi miwili.

Na hili wengi hawalijui, siku mtoto akiumwa na huwezi kwenda, usiiache tiketi ikafia mkononi. Piga simu ofisi ya tiketi mapema kadri unavyoweza, warudishie kiti wakiuze tena, okestra nyingi zinakubali na zinakuandikia risiti ya mchango kwa thamani ya tiketi. Kiti kinakaliwa, hela inaingia mara ya pili, na wewe umechangia bila kutoa kitu kipya. Waulize wanataka taarifa saa ngapi kabla, kila mahali wana utaratibu wao.

Mwalimu wa Chorus

Na wakikuuliza kama urudishe au umpe jirani mwenye mtoto ambaye hajawahi kuingia ukumbini, mpe jirani.